Siku moja Kirstenbosch: mwongozo kwa mtu wa Lubumbashi aliyefika Cape Town

Kiangazi kikikaribia, simu yangu haitulii. Mama wa Katuba anakwenda Cape Town kumpokea mjukuu. Kijana wa Kampemba amepata nafasi ya masomo. Papa wa Ruashi anapeleka jicho kwa daktari na atakuwa na siku mbili za kungoja majibu. Wote wamesikia kwamba chini ya Table Mountain kuna bustani ya mimea, Kirstenbosch, na wote wananiuliza yale yale: inafikiwa vipi, mtu avae nini, inachukua saa ngapi. Halafu, kwa sauti ya chini, linakuja lile swali lenyewe: «Yaya, kweli nitoe pesa nikaangalie majani?»

Toa. Lakini usiende kama nilivyokwenda mimi mara ya kwanza, saa nane mchana, mwezi wa 6, nimevaa viatu vya kanisani. Ilipofika saa tisa na nusu jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima, mvua ikaanza, nikarudi na picha kumi na moja za ukungu. Nimerudi mara nyingi tangu siku ile, peke yangu na pamoja na wageni, na haya ndiyo ninayowaambia.

Viza, ndege ya kupitia Johannesburg na basi la kupitia Kasumbalesa sivigusi hapa. Nakukumbusha mawili tu. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, itadaiwa ukiingia Afrika Kusini ukitokea Congo, basi usiizike chini ya sanduku. Na saa ya Cape Town ni ile ile ya Lubumbashi, usiguse saa ya simu yako.

Vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Pasipoti au nakala yake. Dirishani bei za kuingia hutofautiana kwa aina ya mgeni, na asiye na karatasi mkononi hana la kujadili.
- Randi au kadi ya benki. Dola zako, hata ziwe mpya bila mkunjo, zibadilishe mjini kabla.
- Viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika. Bustani yote imelala kwenye mteremko.
- Koti lisilopitisha maji na sweta, hata kama asubuhi anga ni safi. Kofia pia.
- Maji na chakula cha kubeba. Nitarudi kwenye chakula, maana hapo watu wetu hukosea sana.
- Simu yenye laini ya kule (husajiliwa kwa pasipoti), programu ya kuita gari, na programu ya kutafsiri ambayo umeshapakua Kifaransa na Kiingereza ili ifanye kazi bila intaneti.
- Adapta. Tundu za umeme za Afrika Kusini zinataka meno matatu manene ya mviringo. Chaja ya Lubumbashi haiingii, na simu iliyozimika saa nne asubuhi ni mzigo tu.
- Daftari dogo na kalamu. Utacheka, kisha utaniambia.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, halafu chagua siku

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapotudanganya. Kwetu mvua huanza mwezi wa 11 na kukatika mwezi wa 4. Mwezi wa 6 na wa 7 ni vumbi, baridi ya asubuhi, anga bila wingu. Cape Town ni kinyume kabisa. Mvua yao huja na baridi, kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 8. Mtu anafunga sanduku Lubumbashi katikati ya kiangazi, anaweka sweta moja kwa ajili ya asubuhi, anashuka kwenye mvua ya kulala.

Ukiweza kuchagua, nenda kati ya mwisho wa mwezi wa 8 na mwezi wa 10. Ndiyo msimu wao wa maua: protea nyingi bado zipo, na maua madogo ya msimu yanatandika ardhi rangi ya machungwa na nyeupe. Mwezi wa 12 hadi wa 2 ni joto, siku ni ndefu, lakini upepo wa kusini-mashariki unaweza kukuvua kofia. Wenyeji wanauita daktari, kwa sababu unaosha hewa ya mji. Kama umeangukia mwezi wa 6 kama mimi, usikate tamaa. Protea na shubiri zinachanua baridi hiyo hiyo, ila utabahatisha hali ya hewa.

Ukishajua mwezi, usijifunge na siku moja. Jiachie tatu, na kila asubuhi tazama mlima. Bustani iko upande wake wa mashariki. Ukiona wingu limelala juu ya mlima kama kitambaa cha meza, jua kwamba upepo upo na huko juu kuna baridi; unaweza kwenda, lakini na koti. Ukiona mlima haupo kabisa, rudi kitandani.

Hatua ya 2: Fika mlango unapofunguliwa

Bustani hufunguliwa kila siku ya mwaka, saa 2 asubuhi. Kwenye tangazo utasoma 08:00; usije ukaenda saa nane yetu ya mchana, nimeona likitokea. Kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 3 hufungwa saa 1 jioni, na kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 8 saa 12 jioni.

Sababu ya kuwahi ni mlima. Jua linachomoza mbele ya bustani na kuzama nyuma ya ukuta wa jiwe wa karibu mita elfu moja. Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 kivuli kinaanguka kwenye nyasi mapema sana alasiri, na joto linaondoka nacho. Siku ya Kirstenbosch ni asubuhi na adhuhuri. Jioni ni ya wenyeji wanaorudi kila wiki.

Kutoka katikati ya mji ni kama kilomita 13. Njia rahisi ni gari la kuita kwa simu. Mkiwa watatu au wanne mnagawana. Kuna basi jekundu la watalii ambalo lina kituo pale, ghali kidogo lakini halikupotezi. Anayebana pesa apande treni au taksi ya abiria hadi Claremont, kisha aite gari kwa kipande kilichobaki. Sikushauri kutembea kwa miguu kipande hicho ukiwa mgeni, hasa wakati wa kurudi.

Hatua ya 3: Mlangoni, chukua ramani na usiwe na haraka

Kuna milango zaidi ya mmoja. Mwambie dereva Mlango wa 1, ule wa chini wenye jengo la kupokelea wageni. Pale kuna choo, duka, ramani na nyumba ya vioo ya kukuzia mimea, ambayo tutamalizia nayo.

Dirishani uliza maswali matatu: kama kuna bei ya Waafrika au wanafunzi, kama leo kuna matembezi ya kuongozwa, na nyumba ya vioo inafungwa saa ngapi. Matembezi ya kuongozwa huendeshwa na watu waliostaafu wanaoipenda kazi hiyo kama ibada. Kiingereza chao ni cha taratibu, na hata ukishika nusu tu umeshapata faida. Kwa wazee kuna vigari vya umeme vinavyozungusha wageni. Kwa papa mwenye goti bovu hiyo ni pesa ya halali.

Kabla ya kuondoka pale, fungua macho ujue unachoingia. Shamba zima lina hekta 528, lakini iliyolimwa ni 36 tu. Zilizobaki ni msitu na mlima. Wengi wanaingia na nia ya kumaliza yote, wanakimbia kama wanaotafuta duka sokoni. Chagua vitu vitano. Mimi nakupa vyangu hapa chini, wewe badilisha upendavyo.

Jambo moja la kuelewa, na nadharia inaishia hapo: Kirstenbosch hawaoneshi mimea ya dunia nzima. Tangu ilipoanzishwa mwaka 1913 kazi yake ni mimea ya Afrika Kusini yenyewe. Usitafute waridi. Eneo la Cape lina aina kama 9,000 za mimea, na karibu 70 kati ya kila 100 haziko mahali pengine popote duniani. Nyingi ni vichaka vifupi vyenye majani membamba magumu. Wenyewe wanaviita fainbosi. Kwa mbali vinafanana na nyasi za porini baada ya moto. Ndiyo maana nilisema daftari: ukiona kwa haraka huoni kitu.

Hatua ya 4: Panda kwanza, wakati miguu ni mipya

Kutoka Mlango wa 1 usisimame kwenye nyasi, hata zikikuita. Panda moja kwa moja hadi kwenye protea, juu kabisa karibu na msitu. Itakuchukua nusu saa ya polepole. Kupanda saa tatu asubuhi ni mazoezi. Kupanda saa saba mchana na tumbo limejaa ni adhabu.

Protea kubwa, ua la taifa la Afrika Kusini, linaweza kuwa pana kama sahani ya bukari, yaani ugali. Lakini usidhani ni kitu cha ugenini. Protea zipo kwetu pia, kwenye nyanda za juu za Kundelungu, ndogo zaidi na za kawaida kiasi kwamba hakuna anayesimama kuzipiga picha. Mimi mwenyewe nilijua jina lao Cape Town, nikarudi nyumbani ndipo nikaanza kuziona.

Kaa pale dakika kumi bila kusema. Ndege mwenye mkia mrefu kama utepe atakuja kunywa utamu wa ua, na chozi wa rangi za kung'aa nyuma yake.

Angalizo: kutoka juu hapa kuna njia zinazoingia mlimani, mojawapo inaitwa Skeleton Gorge. Ina ngazi za mbao na mawe yanayoteleza. Utaona vijana wakiipanda wakicheka. Usiwafuate. Ile ni safari ya siku yake, yenye viatu vyake, maji yake na mtu anayeijua. Ukungu ukishuka huko, hata mwenyeji hupotea.

Hatua ya 5: Uzio wa mwaka 1660

Kwenye ramani tafuta uzio wa van Riebeeck. Ni mstari wa milozi mwitu iliyojikunja na kulala chini, matawi kama viwiko vya wazee. Ilipandwa mwaka 1660 na Waholanzi wa kwanza, van Riebeeck akiwa mkuu wao, kuweka mpaka: huku ng'ombe na mashamba yao, kule Wakhoikhoi wenye ardhi. Uzio huo bado uko hai.

Usionje lozi zake. Mbichi zina sumu. Wakhoikhoi walikuwa wakizilowesha na kuzichemsha ndipo zilike, na mtu aliyekulia kwetu haelezwi zaidi ya hapo: ni kazi ile ile ya mihogo michungu kwenye maji siku tatu.

Hatua ya 6: Daraja la juu ya miti

Linaitwa Boomslang, jina la Kiafrikaans la nyoka wa mitini, kwa sababu linajipinda kati ya matawi. Lilifunguliwa mwaka 2014, urefu wake mita 130, na mahali pengine uko karibu mita 12 kutoka ardhini. Linacheza kidogo ukitembea. Limejengwa hivyo, halivunjiki. Wenye kizunguzungu washike pembeni. Ni sehemu ya picha, na kila mtu anapiga picha ile ile. Piga yako, uachie wengine nafasi, shuka.

Hatua ya 7: Saikadi, na hapa usikimbie

Kama una saa moja tu katika bustani nzima, ilete hapa.

Saikadi ni mmea unaofanana na mnazi mfupi uliofungamana na nanasi. Si mnazi wala nanasi. Ukoo wake ulikuwepo kabla ya mimea ya maua. Mwanzilishi wa bustani, profesa Harold Pearson, alianza kupanda kwa saikadi, na alipofariki mwaka 1916, miaka mitatu tu baada ya kazi kuanza, akazikwa karibu nazo. Kwenye kaburi lake wameandika kwamba anayetafuta ukumbusho wake atazame pande zote. Nimesimama pale na mama mkubwa wangu. Akavua kofia, akasema huyo mzungu alizikwa vizuri.

Sasa tafuta iliyoandikwa *Encephalartos woodii*. Huyu ni bwana asiye na bibi. Mwaka 1895 John Medley Wood alikuta mmea mmoja wa aina hii, dume, katika msitu wa Ngoye, KwaZulu-Natal ya leo. Mpaka leo hakuna aliyewahi kumwona jike. Kila *woodii* unayemwona katika bustani yoyote ya dunia ni chipukizi lililokatwa kwa dume yule yule. Watu wanamtazama dakika moja wanakwenda. Mimi humkalia.

Utaona baadhi ya saikadi zimelindwa kwa chuma. Si mapambo. Matajiri wanazinunua kwa siri kwa bei ya gari, na mwaka 2014 wezi waliingia bustanini humu wakang'oa zaidi ya 20 za aina iliyo karibu kutoweka.

Na kwetu? Tunazo. *Encephalartos schaijesii* ni ya pande za Kolwezi, na *Encephalartos marunguensis* imepewa jina la milima ya Marungu. Andika majina hayo mawili kwenye daftari. Ukirudi, muulize mtoto wako anayesoma agronomia kama amewahi kufundishwa. Niliuliza watatu.

Hatua ya 8: Njia ya mikafuri

Kushuka, pita kwenye njia ya mikafuri mikubwa. Okota jani lililoanguka (lililoanguka, nimesema), lisugue, linuse: ni dawa ya kifua uliyopakwa utotoni.

Miti hii ilipandwa mwaka 1898 kwa amri ya Cecil Rhodes, tajiri Mwingereza wa Cape, aliyekuwa amenunua shamba hili miaka mitatu kabla. Rhodes huyo ndiye ambaye kampuni yake iliitamani Katanga. Mwaka 1890 Alfred Sharpe, kwa niaba ya kampuni hiyo, alifika Bunkeya na karatasi ya mkataba, mfalme Msiri akakataa kuitia alama. Mwaka uliofuata wakaja watu wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na Msiri akauawa tarehe 20 mwezi wa 12, 1891. Lakini reli iliyopanda kutoka Cape ilifika hata hivyo, mwaka 1910, mwaka ambao mji wetu ulizaliwa ukiitwa Élisabethville. Kwa hiyo ukitembea chini ya mikafuri hii uko kwenye njia ya jirani aliyetaka kuwa mwenye nyumba. Shamba lenyewe aliliachia taifa alipofariki mwaka 1902.

Aliacha na vindi wa kijivu aliowaleta kutoka ng'ambo. Wanapenda mbegu za Strelitzia ya njano, ile iliyopewa jina la Mandela mwaka 1996, kiasi kwamba wafanyakazi walilazimika kufunika maua kwa wavu. Strelitzia ya kawaida ni rangi ya machungwa. Hii ya njano ilichukua karibu miaka ishirini ya kuchavusha kwa mkono mpaka ikapatikana mbegu ya kutosha.

Chini ya njia hiyo kuna bonde dogo lenye kivuli, maji baridi na kidimbwi cha matofali chenye umbo la ndege. Jaza roho, si chupa.

Hatua ya 9: Kula

Kula nyasini kunaruhusiwa na ndiyo raha yenyewe. Tandika kitenge, tazama mlima. Ila:

Moto hauruhusiwi. Mkaa hauruhusiwi, hata mbabula ndogo, hata ukisema ni kwa ajili ya mzee. Moto ni adui wa mlima huu wakati wa joto.

Bukari ya baridi ni huzuni, iache nyumbani. Beba mikate, mayai ya kuchemsha, kalanga, samaki wa kukaanga aliyekaushwa vizuri, matunda. Mahali pa kununua chakula mle ndani papo, lakini familia ya watu watano itashtuka ikiona hesabu.

Kanga na bata bukini watakuja mpaka kwenye sahani. Ni wazuri na ni wezi. Usiwape, na usimwache mtoto mdogo peke yake na mkate mkononi.

Ukiona watu wamekusanyika wanatazama juu ya mti, huenda ni bundi mkubwa. Wanatotoa humu kila mwaka na wenyeji wanawapenda kama watoto wao. Najua kwetu bundi angerushiwa jiwe kabla hajamaliza kugeuza shingo. Weka mikono mifukoni.

Hatua ya 10: Bustani ya dawa

Fupi. Kuna sehemu ya mimea inayotumika kwa dawa, kamba na chakula, kila mmoja na maelezo yake. Mama zetu wanaouza mizizi sokoni wangekaa hapa siku nzima wakibishana. Uliza pia ulipo mti wa gome la pilipili (pepper-bark) alioupanda Mandela mwaka 1996. Gome lake ni dawa ya kifua, na porini limebanduliwa mpaka miti inakaribia kuisha. Jaribu kuhesabu miti iliyoteswa hivyo unayoijua kwenye barabara ya Kasenga.

Hatua ya 11: Nyumba ya vioo, mwishoni

Iko karibu na mlango ulioingilia na hufungwa mapema kuliko bustani, saa 11 jioni, basi uwe ndani kufikia saa kumi. Ina mbuyu katikati na mimea ya jangwani pembeni.

Kama ni mwezi wa 1 hadi wa 3, uliza wafanyakazi wapi disa zimechanua. Disa nyekundu ni okidi ya Table Mountain, inaota kwenye miamba inayochuruzika maji, na watu hupanda mlima kwa ajili yake tu. Nilimwonesha mama mkubwa. Nikamwambia: mama, hii ni ndugu ya kikanda. Kikanda tunachokula Lubumbashi, kile cha kalanga na soda na pilipili, kinatokana na viazi vya okidi za porini, zikiwemo disa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: «Na chini yake kuna viazi?» Nikamshika mkono tukatoka.

Hatua ya 12: Kutoka

Ita gari ukiwa bado ndani, karibu na mlango, si barabarani. Linganisha namba ya gari kabla ya kufungua mlango. Siku za Jumapili za kiangazi chao, kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa 4, kuna muziki nyasini jioni; bei ya magari inapanda na foleni ni ndefu. Siku hizo ondoka mapema, au kaa usikilize mpaka mwisho.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuchuma. Ua moja, tawi moja, mbegu moja mfukoni: yote ni kosa, na kwa saikadi ni kosa la kufikishwa mahakamani.

Kuja na mpiga picha wa harusi bila kibali. Picha za familia kwa simu hazina neno. Shela, taa na mwavuli mweupe vinaombewa ruhusa kabla.

Kupiga simu ya video muda wote ili ndugu waone. Ndugu wanaona pua yako.

Kuvaa vizuri kupita kiasi. Nimeshasema habari ya viatu vyangu.

Ukikwama

*Mvua imeanza.* Usikimbilie chini ya miti mirefu upepo ukiwa mkali. Nenda nyumba ya vioo au mahali pa chai, ngoja nusu saa. Mvua ya pale hubadili nia haraka. Ikizidi saa moja, ondoka. Hawatakurudishia pesa, na hilo ulilijua.

*Kiingereza kimekushinda.* Vibao vina jina la Kilatini, ambalo ni lile lile la kitabu cha Kifaransa. Piga picha kibao pamoja na mmea, utatafsiri usiku. Na kwenye maegesho ya magari ya Cape Town, mtu aliyevaa kizibao cha kuakisi mwanga anayelinda magari mara nyingi ni Mkongomani. Msalimie kwa Kiswahili kwanza. Mimi wa kwanza niliyemsalimia alikuwa wa Kolwezi na alinifundisha njia ya mkato.

*Mtoto amepotea.* Nenda mlango ulio karibu, mwambie mlinzi, baki hapo. Mkiingia tu, wakubaliane wote mahali pa kukutana: mimi huchagua kaburi la Pearson, kwa sababu hakuna anayelisahau.

*Simu imezimika na gari huwezi kuita.* Waombe dirishani wakuitie, au panda basi jekundu la mwisho. Saa yake iandike kwenye daftari asubuhi.

*Umechoka kabla ya saa sita.* Ruka daraja, ruka bustani ya dawa. Shuka kwenye saikadi, kisha nyasini.

*Mama anataka kupeleka mche nyumbani.* Duka huuza mbegu na vitabu. Mche au mbegu kuvuka mpaka vinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka Afrika Kusini na kibali cha kuingiza Congo, na afisa wa uwanja wa ndege wa Luano hatamsikiliza kwa sababu ni ua zuri. Mnunulie kadi zenye picha. Mama mkubwa wangu alinunua ya disa, ameibandika jikoni, juu ya mbabula anapopikia kikanda.